Misa Iliyofika Vipande Vipande

Nilianza kujifunza mipangilio ya programu za kugawana mafaili kwa sababu ya sikio la kushoto la Papa. La kulia lilikuwa limekwisha zamani. Karakana ya garimoshi ilianza kulila kabla hajapandishwa kuwa mkuu wa stesheni, na alipostaafu lilikuwa pambo tu. La kushoto liliendelea kumsaidia mpaka siku daktari wa masikio alipotuonyesha karatasi yenye mstari unaoshuka, akasema nalo linafuata. Nikamuuliza lini. Akajibu kwamba hawezi kujua, labda miezi, labda chini ya hapo. Papa, ambaye hakusikia hata neno moja, alimshukuru sana na kumpa mkono mara mbili.

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka. Simu italia mezani mbele yake naye ataendelea kunywa chai. Ndege, kengele ya baiskeli, watoto wa jirani wanaogombana, kwake vyote ni kimya. Lakini jirani akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, Papa hugeuka na kusema kwamba pale leo watakula vizuri. Ukitaka akusikie, unakaa upande wake wa kushoto na kushusha sauti mpaka chini kabisa, kama mtu anayesengenya. Mimi nina sauti ya juu na hasira za karibu, kwa hiyo nilichukua muda kuzoea.

Siku ile tulipotoka kwa daktari alisimama kwenye kivuli cha ukuta, akavua kofia.

"Mama," akaniita. Nina jina la mama yake, na hajawahi kuniita vingine. "Minapenda kusikia mama yako tena. Mbele ya sikio kufunga."

Nilimwambia ndiyo, Papa, utamsikia. Sikuwa na sauti ya Mama popote. Alifariki nikiwa bado shuleni, na kaseti mbili tulizokuwa nazo nyumbani ziliharibika kwa kuchezwa mno. Lakini nilijua aliye na nyingine.

Mama aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia, na Papa aliimba besi, safu ya nyuma. Walijuana humo humo, na mambo ya nyumba yetu yote yalitokea kwenye mazoezi ya Jumamosi. Mwalimu wa kwaya alikuwa mwanamke mmoja mkali, mwenye kinasa sauti kikubwa alichokibeba kila mahali. Sisi watoto tulimwita Mama Mwalimu. Alipozeeka alirudi kwao Kalemie, akaondoka na kaseti zote. Huko mkwe wake alizihamishia kwenye kompyuta, na Mama Mwalimu akazipanga mwenyewe, si kwa miaka, bali kwa mpangilio wa misa: kwanza nyimbo zote za kuingilia, kisha Utuhurumie, kisha Utukufu, na kuendelea hivyo mpaka matoleo, komunyo, shukrani na kutoka. Wimbo ambao Mama aliimba peke yake ulikuwa wa shukrani baada ya komunyo.

Nilipompigia alifurahi mpaka akalia. Alitutumia flashi kwa mkono wa msafiri. Ilifika Lubumbashi baada ya wiki tatu, ikafunguka, ikaonyesha majina ya nyimbo zote, na hakuna hata wimbo mmoja uliokubali kuimba. Papa alikuwa ameshavaa shati jipya. Nilimwambia kwamba ni kosa dogo, nikaenda jikoni nikapigapiga sufuria bila sababu.

Habari zilikuwa zimeshasambaa kwa familia nyingine za kwaya. Palikuwa na nyumba moja huku mjini, upande wa Kasapa karibu na chuo kikuu, nyingine Kolwezi, nyingine Mokambo mpakani ambako binti wa mzee mmoja wa besi anauza nguo. Kila mmoja alikuwa na mtu wake ndani ya kaseti zile, na kila mmoja alitaka. Mama Mwalimu alikuwa na laini dhaifu na sahani moja ya umeme wa jua iliyoendesha kompyuta kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, basi. Angemtumia kila mtu kaseti zote kwa zamu, tungemaliza tukiwa wazee kuliko yeye.

Mimi nina sekretariati Katuba: kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na benchi la wateja wanaokuja kuandikiwa barua za kuomba kazi. Nilikuwa nimewahi kusikia habari za torenti na kuziona kuwa ni mambo ya vijana wanaopakua sinema. Sasa niliona kwamba ndiyo dawa yetu. Programu ya namna hiyo haitumi faili zima. Inalikata vipande vingi vidogo, na mwenye kipande anampa asiye nacho. Mama Mwalimu angetoa kipande kimoja kwa Kolwezi, kingine kwa Mokambo, kingine kwangu, halafu sisi kwa sisi tungebadilishana bila kumsumbua. Kila kipande kinapimwa kikifika, na kilichoharibika kinaombwa upya. Umeme ukikatika, hakuna kinachopotea.

Niliwaeleza watu wa kikundi chetu cha simu, na Papa akiwa ameketi karibu yangu akisoma kila nilichoandika. Macho yake ni mazima, na anayatumia.

"Inaanzia wapi?" akauliza.

"Popote, Papa. Inatafuta kwanza vipande vyenye haviko kwa bantu wengi."

"Popote?"

"Popote."

Akaniangalia kana kwamba nimeingia kanisani na ndoo kichwani. "Misa haianzaka mu katikati, mama. Unaingia na wimbo ya kuingilia. Kiisha unaomba huruma. Huwezi kufika tu, paf, ku komunyo."

Ningeweza kumweleza. Lakini kisanduku cha kubadilisha jambo hilo kipo kwenye programu, cha kuagiza vipande vije kwa mfuatano, kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. Tena kwa mfuatano tungeanza kusikiliza mara moja, bila kungoja mzigo wote. Nikaweka alama. Nikawaandikia na wengine waweke alama hiyo hiyo, nikawapa maneno ya Papa kama yalivyo. Hakuna aliyebisha. Wote ni watoto wa kwaya, na wazee wao walikuwa nyuma ya mabega yao kama wangu. Yule wa Kolwezi alijibu, "Amina."

Kwa haraka zangu sikuishia hapo. Nilifungua ukurasa wa mipangilio nikapandisha kila namba niliyoiona. Idadi ya miunganisho niliiweka mia tano, na sisi tulikuwa nyumba tano. Kasi ya kupakia, yaani ya kutuma vipande kwa wengine, niliiachia bila mpaka. Foleni nikaiongeza. Nilidhani namba kubwa ni mwendo mkubwa. Baada ya dakika kumi modemu ilikuwa ya moto na kila kitu kimesimama, hata ujumbe wa kawaida haukutoka. Mteja wangu aliyetaka kutuma barua aliniangalia, nikamwambia angoje nje.

Papa alitaka kujua kinachotokea. Nikasogea upande wa kushoto, nikashusha sauti, nikamweleza kwa kifupi, nikiwa na uhakika kwamba hataelewa.

"Yenye inatoka na yenye inaingia, zote zinapita njia moja?"

"Karibu vile, Papa."

"Na kipande ikifika, weye unamujibisha mwenye alituma?"

"Kompyuta njo inajibu. Inasema, nimepata, leta ingine."

"Basi ile jibu inapita wapi, kama umejaza njia yote na bintu ya kutoka?"

Miaka mingi ya maisha yake Papa aliikalia stesheni ya njia moja, ambako treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele itoe ruhusa kwa simu. Simu ile ikishikwa na maongezi mengine, hakuna treni inayotembea, hata kama reli ni tupu. Nikapima kasi yetu ya kupakia, nikaweka mpaka chini yake kidogo, ili majibu yapate pa kupita. Miunganisho nikaishusha hadi thelathini. Modemu ikapoa, na namba zikaanza kusogea. Papa alivaa tu kofia yake, kama mkuu wa stesheni.

Wiki ile ilikuwa nzuri. Saa sita mchana nilifunga mlango wa sekretariati nusu, Papa akafika na kiti chake, na nyimbo za kuingilia zikaingia moja baada ya nyingine. Alikaa sikio la kushoto likigusana na spika, akipiga goti kwa mkono kufuata ngoma. Besi alizisikia, ngoma alizisikia. Sauti za wanawake sikumuuliza. Niliogopa jibu, nasema wazi. Nilijiambia kwamba kaseti ni za zamani na spika yangu ni mbaya, na kwamba wimbo wa Mama ukifika nitaazima spika bora.

Tulipita Utuhurumie, tukapita Utukufu. Tulifika kwenye matoleo, asilimia sitini na moja, na hapo Kalemie ikatoweka.

Radi ilipiga karibu na nyumba ya Mama Mwalimu. Kompyuta ilipona, lakini kile kifaa kinachogeuza umeme wa jua kiliungua. Alinipigia kwa simu ya jirani akiomba radhi kana kwamba radi aliituma yeye. Nikamwambia asijali, sisi wengine tuko, tutasaidiana. Nikageuka kwenye skrini nione nani ana nini.

Kolwezi, sitini na moja. Kasapa, sitini na moja. Mokambo, sitini. Programu inaonyesha mstari mmoja kwa kila mtu, wenye rangi mahali alipo na vipande na weupe mahali asipo navyo. Mistari yote ilikuwa na rangi kushoto na weupe kulia, sawasawa kabisa. Sote tulikuwa na mwanzo ule ule. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na kipande kimoja cha komunyo, wala cha shukrani. Laiti ningeiacha programu ifanye ilivyotaka, kila mmoja angekuwa na kitu ambacho mwenzake hana, na huenda kaseti zote zingekuwa tayari zimo kati yetu, zimetawanyika. Tuliingia kanisani kwa heshima zote, tukafungiwa mlangoni.

Nilijikasirikia mpaka nikafukuza wateja. Papa nilimwambia mtambo wa Kalemie umeharibika, ambalo ni kweli, na sikumwambia habari ya kisanduku. Alikuja na kiti chake saa sita ya kila siku hata hivyo. Zilipita karibu wiki nne. Siku moja jirani alitwanga sombe na Papa hakugeuka mara ya kwanza. Aligeuka mara ya pili. Niliingia ndani nikakaa juu ya boksi la karatasi nikalia.

Kisha Mama Mwalimu akapata kuunganisha waya kwa jirani mwenye sahani ya umeme, saa moja tu kwa siku, kuanzia saa sita. Saa moja kwa nyumba nne zinazongoja. Nilipiga hesabu kichwani na sikuipenda.

Nililofanya baada ya hapo sikumwambia mtu. Nilimpigia Mama Mwalimu nikamwelekeza kwa simu, hatua kwa hatua.

"Mutoto wangu, polepole, miye hii mashini naiogopa," akasema. "Niko naona fasi moja wameandika hesabu ya bantu wa kupatia kwa mara moja. Iko ine."

"Weka moja, Mama."

"Moja tu? Na bengine?"

"Itaenda mbio zaidi, Mama. Kiisha tutarudisha."

Hiyo ya kwenda mbio ilikuwa kweli, kwangu. Kila siku saa sita kamili nilikuwa wa kwanza kugonga mlango wake, nikichukua ile nafasi moja kwa saa nzima. Kwenye programu yangu niliondoa alama ya mfuatano, nikazuia kutoa kwa wengine, na kuupa wimbo wa shukrani kipaumbele cha juu kabisa. Faili hilo moja likaanza kujaa, kwa laini iliyodhoofika zaidi tangu radi, siku ya kwanza robo, siku ya pili karibu nusu, na nyumba nyingine zikabaki pale pale. Kwenye kikundi niliandika kwamba mtandao wa Kalemie bado unasumbua.

Siku ya tatu Papa alikuwa peke yake mbele ya skrini, mimi nikimtolea mteja fotokopi. Niliporudi alikuwa amevaa miwani na kidole chake kiko kwenye orodha, safu ya kasi.

"Bantu ba Mokambo, kwabo ni sifuri?"

"Mtandao wao mubaya, Papa."

"Kasapa pia ni sifuri. Kolwezi, sifuri. Shiye tu njo tunapokea." Alikuwa amesoma pia ujumbe wa yule binti wa Mokambo, nao uko wazi pembeni: *Mzee anauliza kila siku. Nimwambie nini?*

Papa alisimamia treni maisha yake yote, na anajua kusoma ubao. Nikamweleza yote. Kisanduku cha mfuatano, nafasi moja, na uwongo wa kwenye kikundi. Nilieleza kwa sauti yangu halisi, ya juu, na nadhani alisoma midomo.

"Njo kusema ulifunga stesheni," akasema, "ukapitisha treni yako peke."

"Ni juu ya sikio yako, Papa!"

"Sikio ni yangu. Treni haiko yangu."

"Sikio haitangoja bantu ba Mokambo!" Nilipiga meza. Mteja alichukua fotokopi zake akaondoka. "Unaelewa? Ikifunga, imefunga. Nikufanyie nini kiisha?"

Alivua miwani akaifuta na shati, polepole, jambo linaloniudhi tangu utotoni. "Mama yako hakuimbaka mu nyumba yetu tu," akasema. "Mupigie Mama Mwalimu. Fungula."

Nilimchukia kwa muda wa kama dakika tano. Kisha nikapiga simu.

Mama Mwalimu alirudisha nafasi zote nne, nami nikaanza tena kuwapa wengine vipande nilivyokuwa navyo. Tukatafuta pamoja mpangilio mwingine, ule unaomfanya mwenye mzigo mzima atoe kila kipande mara moja tu, kwa mtu mmoja, asikirudie mpaka aone kimeshasambaa kwa wengine. Kwa saa yake moja ya kila siku hakuna mpangilio uliotufaa kuliko huo. Wengine niliwaandikia waondoe alama ya mfuatano, wapunguze miunganisho, waweke mpaka wa kupakia chini kidogo ya uwezo wa laini zao, na wasizime kompyuta baada ya saa saba, maana sasa tutabadilishana sisi kwa sisi. Niliwaandikia pia nilichokuwa nimefanya. Yule wa Mokambo ndiye aliyeandika kwanza: *Ningefanya hivyo hivyo. Nimeshaondoa alama.*

Ile mistari ya skrini ikaanza kujaa madoa, kila mmoja kivyake. Papa aliitazama kwa mashaka makubwa. Tulikuwa na kipande cha kutoka kabla ya komunyo, na kipande cha shukrani katikati ya weupe mtupu.

"Misa gani hii?" akauliza.

"Ya kwetu, Papa."

Akacheka. Mchana, Kalemie ikishaondoka, tuliendelea kupeana. Kasapa alikuwa na laini nzuri ya chuoni akanipa vingi. Kolwezi alikuja na kuondoka kufuatana na umeme. Papa alisahau kabisa kuuliza habari ya wimbo wa Mama, akawa anauliza tu, "Mokambo amefika ngapi?" Nikimjibu, anatikisa kichwa na kurudi kwenye chai yake. Ndiye aliyekuwa akisindikiza wageni wetu hadi barabara kuu hata baada ya kuacha kusikia pikipiki, nami nikimgombeza. Sasa alisindikiza asilimia za watu.

Kipande cha mwisho cha wimbo ule hakikutoka Kalemie wala Kasapa. Kilitoka Mokambo, Jumapili saa nane mchana, kupitia simu ya yule binti aliyoifunga kwenye kompyuta kwa waya. Niliona jina la nyumba yao kwenye orodha, namba ndogo ikisogea taratibu, kisha faili likapimwa, likakubaliwa. Nilitaka kufunga programu ili kompyuta iwe nyepesi. Papa alinizuia mkono.

"Na bale beko bado njiani?"

Nikaiacha wazi. Spika nzuri nilikuwa nimeazima kwa jirani. Papa alikaa, akavua kofia, akaliegemeza sikio la kushoto kwenye spika, na mimi nikabonyeza.

Palikuwa na mkwaruzo wa kaseti, viti vikisogezwa, mtu akikohoa. Lilikuwa zoezi, si misa yenyewe. Kisha Mama akaanza kuimba.

Sitaielezea sauti ile. Nilikuwa sijaisikia tangu nikiwa na sare ya shule, na niliisikia yote, mpaka pumzi zake kati ya maneno. Ilikuwa juu, nyembamba, safi. Nilimgeukia Papa nikiwa natabasamu na machozi yananitoka, na nikaona uso wake. Alikuwa bado anangoja.

"Ameanza?" akaniuliza.

Nilitikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaelewa, na akafumba macho. Aliujua wimbo ule kwa moyo, akaanza kuimba besi yake chini chini, akiufuata kwa kumbukumbu mahali alipodhani Mama amefika. Alikuwa amechelewa kipimo kizima cha wimbo. Kwenye kaseti safu ya nyuma nayo iliingia, na nao, wanaume wale wote wakiwa vijana, pamoja na yeye, walichelewa.

Wimbo ukakatika. Kiti kikasogezwa, na Mama akaongea. Alikuwa karibu sana na kinasa sauti, na sauti yake ya kuongea ilikuwa nzito, ya chini, ile ya kutugombeza bila kupiga kelele. Nilikuwa nimeisahau.

"Babesi kule nyuma! Munachelewa tena. Muko munangoja treni?"

Kwaya nzima ikacheka. Papa alifumbua macho. Aliukamata mdomo wa spika kwa mikono miwili.

"Pardon, mama," akasema.

Tulikaa. Nje jirani alikuwa anaosha vyombo. Kwenye skrini Kolwezi alikuwa amerudi, anachukua kwetu vipande vyake. Papa alijifuta uso na kofia, akaniomba nirudishe mwanzo. Nilirudisha. Safari hii sikukaa pembeni. Nilisimama mbele yake kama Mama Mwalimu alivyokuwa akisimama, nikainua mkono, nikangoja Mama aanze, nikahesabu, nikaushusha. Papa aliingia pale pale.